Gurudumu Kubwa na Mlima wa Bugarama

Alfajiri, jua lingali nyuma ya milima, mtu aliyesimama kando ya Barabara Kuu Namba 1, mahali inapouacha mji wa Bujumbura na kuanza kupanda, husikia mlio kabla hajaona kitu. Ni mvumo wa matairi juu ya lami, uliochanganyika na mkwaruzo wa chuma na mpira. Punde hutokea vijana juu ya baiskeli, mmoja baada ya mwingine, wameinamia usukani, na nyuma yao imefungwa mikungu ya ndizi, magunia ya makaa au marundo ya kabichi, hata baiskeli yenyewe haionekani. Hushuka kwa mwendo wa gari. Saa chache baadaye vijana wale wale huonekana wakirudi juu, mkono mmoja umeshika usukani na wa pili umeng'ang'ania ubavu wa lori linalopanda mlima kwa taabu.

Msomaji asiyeijua Burundi yafaa aelezwe hali ya nchi. Bujumbura umelala ufukoni mwa Ziwa Tanganyika, mita zipatazo 770 juu ya usawa wa bahari. Bugarama, njia panda ya kwenda Kayanza na mpaka wa Rwanda kwa upande mmoja, na Muramvya na Gitega kwa upande wa pili, iko juu ya mita 2,000. Kati ya mahali hapo pawili hazifiki kilomita 40. Mlima huo ndio unaolisha soko la mji, na kwa watu wengi baiskeli, ambayo Warundi huiita ikinga, ndiyo mguu wa soko hilo.

Miaka ya karibuni imeongeza uzito wa jambo hili. Mwezi wa Machi 2022 serikali ilipiga marufuku baiskeli za abiria, pikipiki na bajaji katikati ya mji wa Bujumbura. Wakati huo huo uhaba wa mafuta ya magari uliuandama mji, na watu waliozoea basi walijikuta wakitembea kwa miguu. Katika hali kama hiyo si ajabu kwamba mazungumzo ya baiskeli yamerudi barazani, na kwamba baiskeli ngeni ikipita watu huigeukia na kuitazama.

Ngeni inayozungumzwa zaidi ni baiskeli ya milimani yenye magurudumu makubwa, ile inayouzwa kwa jina la "inchi 29". Iliyotangulia, ambayo wengi wanaifahamu, ni ya inchi 26. Wapo wanaoapa kwamba gurudumu hilo kubwa ndilo dawa ya milima yetu. Wapo wanaosema ni urembo wa watu wenye fedha. Mwandishi wa makala haya aliona heri ajaribu mwenyewe kabla ya kushika upande wowote.

JINSI MAJARIBIO YALIVYOFANYWA

Niliazima baiskeli tatu. Ya kwanza ilikuwa ya milimani ya inchi 26, iliyokwisha kutumika miaka mingi. Ya pili ilikuwa ya inchi 29. Ya tatu ilikuwa baiskeli kubwa nyeusi ya mchukuzi, ile isiyo na gia, yenye breki za fito za chuma na keria nzito nyuma. Maana niliona si haki kuhukumu baiskeli za wageni bila kumwita shahidi ambaye ndiye hasa anayeifanya kazi.

Kabla ya yote nilizipeleka kwa fundi katika mtaa wa Buyenzi, mtaa wa Waswahili wa tangu zamani, ambako sauti ya nyundo na harufu ya grisi hazikosekani. Nilimwomba azipime meno ya gia na kujaza pumzi kwa kiasi kilekile katika zile mbili za milimani. Jambo hili ni muhimu kuliko linavyoonekana, kwa kuwa mtu akilinganisha tairi gumu na tairi laini, atasifu gurudumu kwa kazi iliyofanywa na pumzi. Fundi alizitazama zote tatu, akaizungusha pedali ya ile nyeusi kwa kidole, kisha akaniuliza kama nimekuja kupima magurudumu au kupima miguu yangu. Sikumwelewa siku hiyo. Nilimwelewa siku ya tatu.

Njia niliyoichagua ilikuwa na sehemu tatu. Kwanza barabara za vumbi na mashimo ndani ya mitaa; pili mwinuko wa kutoka Rohero kwenda Kiriri na Vugizo, ambako mtu hutazama chini akaliona ziwa lote hadi milima ya Kongo; na tatu mwanzo wa mlima wa Barabara Kuu Namba 1, kupanda na kushuka, bila kushika lori la mtu.

ASILI YA VIPIMO HIVI

Kabla ya kutoa matokeo, yatupasa tuulize vipimo hivi vilitoka wapi, kwani historia yake inaondoa nusu ya ubishi.

Zamani za baiskeli, katika miaka ya 1870, gurudumu la mbele lilikuwa kubwa mno, hata mpandaji alikaa juu kama aliyepanda ngamia. Ukubwa ule haukuwa mapambo. Pedali zilifungwa moja kwa moja kwenye kitovu cha gurudumu, na kwa hiyo kila mzunguko wa mguu ulikuwa mzunguko mmoja wa gurudumu. Aliyetaka kwenda mbali zaidi kwa kila mzunguko hakuwa na njia nyingine ila kuongeza gurudumu. Mwaka 1885 Mwingereza John Kemp Starley alitoa baiskeli yake ya Rover, yenye magurudumu mawili yaliyokaribia kulingana na mnyororo unaolivuta la nyuma. Miaka mitatu baadaye John Boyd Dunlop akaleta tairi la kujazwa hewa. Tangu siku hiyo kazi ya mwendo ilihamia kwenye meno ya gia, na gurudumu likabaki na kazi ya kubeba na kuvuka. Msomaji aiweke habari hii akilini, maana tutairudia.

Baiskeli ya milimani nayo ilizaliwa katika mteremko. Mwezi wa Oktoba 1976, katika kaunti ya Marin, California, nchini Marekani, vijana walianza kushindana kushuka njia moja ya vumbi kando ya mlima Tamalpais. Walitumia baiskeli kuukuu zenye matairi manene, kwa kuwa zilipatikana kwa bei ndogo na zilistahimili mapigo. Baiskeli zile zilikuwa na magurudumu ya inchi 26, na hiyo ndiyo sababu kipimo hicho kikawa desturi ya dunia nzima kwa miaka zaidi ya thelathini. Hakuna mhandisi aliyekaa mezani akathibitisha kwamba 26 ndicho kipimo bora. Kilirithiwa kama mtu anavyorithi koti la kaka yake. Breki zao zilikuwa ndani ya kitovu cha nyuma, na kila waliposhuka grisi iliungua ikatoka moshi, ikabidi kitovu kifunguliwe na kujazwa grisi mpya. Mteremko ule ukaitwa Repack kwa sababu ya kazi hiyo ya kujaza upya. Gary Fisher na Joe Breeze, waliokuja kuwa miongoni mwa waasisi wa kuunda baiskeli za milimani, walitoka katika kundi lile.

Gurudumu la 29 lilianza kupata nguvu mwaka 1999, lilipotengenezwa tairi pana la milimani linaloingia katika pete ya milimita 622. Kwa muda mrefu wakimbiaji wakubwa walilidharau. Dharau iliisha taratibu. Katika Michezo ya Olimpiki ya London mwaka 2012, Jaroslav Kulhavý wa Jamhuri ya Cheki alishinda akiwa juu ya 29, akimtangulia kwa sekunde moja Nino Schurter wa Uswisi, aliyepanda magurudumu ya kipimo cha kati kinachoitwa 27.5. Miaka minne baadaye, huko Rio de Janeiro, Schurter mwenyewe alitwaa dhahabu akiwa juu ya 29.

Lakini hapa pana jambo la kuchekesha. Pete ya milimita 622 si ngeni hata kidogo, kwa kuwa ndiyo ile ya baiskeli nyingi za mjini za Ulaya, zinazofika kwetu kama mitumba. Na ile nyeusi ya mchukuzi, yenye tairi lililoandikwa 28 × 1½, pete yake ni milimita 635. Yaani baiskeli ya babu zetu ina pete kubwa kuliko hii inayoitwa "gurudumu kubwa". Kilichoongezeka katika ile mpya ni unene wa tairi. Kwa hiyo anayedai kwamba ukubwa wa gurudumu peke yake utamfikisha mtu Bugarama, na aeleze kwa nini wachukuzi, ambao wamekuwa nao siku zote, wanashika malori.

FAIDA NILIYOIONA

Nisionekane nimekuja kubeza. Katika barabara zenye mashimo, baiskeli ya 29 ilinishinda maneno. Mahali ambapo ile ya 26 ilitumbukia na kunitikisa mabega, kubwa ilipita kama mtu arukaye mfereji mdogo bila kusimamisha mazungumzo yake.

Sababu yake si uchawi. Gurudumu likigonga jiwe, huligonga kwa pembe; na kadiri gurudumu lilivyo kubwa, pembe hiyo hulala zaidi, na jiwe huwa kama mwinuko badala ya ukuta. Gurudumu la 26 lenye tairi la milimani hufikia kipenyo cha milimita 665 hivi. La 29 hufikia milimita 734. Tofauti ni kama sehemu moja katika kumi. Ukipiga hesabu ya nguvu inayohitajika kulivusha gurudumu juu ya jiwe la sentimita 5, utaona kubwa linahitaji nguvu pungufu kwa asilimia 6 hivi. Na jiwe likiwa la sentimita 10, upungufu unakaribia asilimia 8. Ni faida ndogo kwa jiwe moja, lakini kwa anayekutana na mawe elfu kabla ya saa nne asubuhi, mgongo wake utaihesabu.

Faida nyingine ni uthabiti. Katika kushuka, gurudumu kubwa halibabaiki upesi. Hushika njia yake. Katika mchanga wa karibu na ziwa pia lilizama kidogo zaidi ya nilivyotazamia, ijapokuwa hapo nadhani sifa ni ya upana wa tairi kuliko ya urefu wa gurudumu.

KUPANDA: HAPO NDIPO PENYE SWALI

Siku ya pili nilielekea Kiriri. Baiskeli zote mbili za milimani zilikuwa na meno 32 mbele, na gia nyepesi kabisa ya nyuma ilikuwa na meno 34. Nilitazamia kubwa ipande kwa wepesi zaidi. Haikuwa hivyo. Katika mwinuko ule ule, gia ile ile, miguu yangu ilichoka mapema juu ya 29 kuliko juu ya 26.

Maelezo yake ni yale ya miaka ya 1870. Gurudumu kubwa ni gia nzito. Kwa kila mzunguko wa pedali, katika gia hiyo nyepesi, ile ya 26 ilisogea mita 1.97, na ile ya 29 ikasogea mita 2.17. Anayetaka wepesi ule ule juu ya 29 hana budi kupunguza meno ya mbele kutoka 32 hadi 28 au 30. Wauzaji wengi hawalisemi jambo hili, na mnunuzi huja kulijua akiwa amekwisha kulipa.

Siku ya tatu nikachukua nyeusi. Hiyo ilikuwa na meno 44 mbele na 18 nyuma, na haina gia nyingine. Kila mzunguko mmoja wa pedali huipeleka mbele karibu mita 5 na nusu. Niliingia nayo mwanzo wa Barabara Kuu Namba 1 bila mzigo wowote, na sikufika mbali. Nilishuka nikasukuma, na watoto waliokuwa wakienda shule walinipita kwa miguu wakinipa pole.

Hapo ndipo maneno ya fundi wa Buyenzi yaliponirudia. Nilipofika nyumbani nilichukua karatasi. Tuseme mtu na baiskeli yake wana uzito wa kilo 80, na barabara inapanda mita 6 kwa kila mita 100. Kwa gia nyepesi ya ile ya 26, mguu unahitaji msukumo wa wastani sawa na uzito wa kilo 9 hivi. Kwa ile ya 29, karibu kilo 10. Kwa nyeusi, kilo 24 na nusu, bila kupumzika, kwa kilomita zisizopungua thelathini. Tofauti kati ya gurudumu dogo na kubwa ni kilo moja. Tofauti kati ya kuwa na gia na kutokuwa nayo ni kilo kumi na tano. Na hiyo ni kabla hajafunga hata mkungu mmoja wa ndizi.

Tangu siku hiyo sikuweza tena kuwaita wapumbavu wale wanaoshika malori. Ni kosa, na ni kosa linaloua. Ajali zimetokea mara nyingi katika barabara ile, lori likipinda ghafla, mkono ukiteleza, au kijana akijikuta kati ya lori na ukingo. Lakini mtu aliyepewa chombo kisichoweza kupanda, na riziki yake iko juu ya mlima, atatafuta kitu cha kumvuta. Anayetaka kumwondoa penye lori kwa maneno matupu, na aipande nyeusi kwanza hadi kona ya tatu.

KUSHUKA NDIKO KUNAKOUA

Wahenga walisema kupanda mchongoma, kushuka ndiyo ngoma. Tuchukue mchukuzi na baiskeli na mzigo wake, jumla kilo 150. Kwa kila mita 1,000 anazoshuka, nguvu inayopaswa kutoweka ingetosha kuchemsha zaidi ya lita 4 za maji baridi. Sehemu yake huliwa na upepo. Iliyobaki haina pa kwenda ila kwenye breki, na breki huigeuza kuwa joto.

Ile ya 29 niliyoazima ilikuwa na breki za sahani, yaani bamba la chuma lililofungwa kitovuni na kubanwa na vipande viwili. Nilishuka nayo kwa vidole viwili, moyo umetulia. Ile ya 26 ilikuwa na breki zinazobana ukingo wa pete. Ilisimama vizuri palipokuwa pakavu, ikachelewa palipokuwa na maji. Baada ya mteremko mrefu niliigusa pete nikaondoa kidole upesi. Joto hilo ndilo linalopasua mpira wa ndani, na mkwaruzo wake ndio unaoila pete mpaka siku moja ipasuke.

Na nyeusi? Breki zake za fito hubana pete kutoka upande wa ndani. Zikiwa mpya na kavu, hufaa kwa mzee anayekwenda msikitini katika mji tambarare. Katika mteremko wa Bugarama, chini ya mikungu ya ndizi, msaada wake ni mdogo, na ndiyo maana mchukuzi huegemeza soli ya kiatu juu ya tairi. Mkwaruzo ule unaosikika alfajiri ni wa soli hizo. Vijana wa California waliunguza grisi yao kwa mchezo wa mwisho wa juma. Hawa wanaunguza viatu kila siku ili mji ule.

Basi wale wanaosema "nimepanda 29, nimeshuka salama, gurudumu kubwa ni salama" wanaisifu nguo kwa joto la moto. Kilichowashusha salama ni breki. Iwapo 26 itafungwa breki zile zile, itamshusha mtu salama vile vile.

UIMARA NA VIPURI

Liko jambo la nne ambalo mnunuzi wa kwetu hapaswi kulisahau. Gurudumu kubwa lina spoku ndefu, na likitengenezwa kwa vifaa vya aina ile ile, huyumba kwa ubavu kirahisi kuliko dogo. Mtu asiye na mzigo hatalitambua hilo. Mwenye kilo 80 juu ya keria atalitambua kwenye kona ya kwanza.

Si bure kwamba shirika la World Bicycle Relief, lililobuni baiskeli ya Buffalo kwa ajili ya barabara za vijijini barani Afrika, lilichagua magurudumu ya inchi 26, spoku nene, na keria ya kubeba kilo 100. Na mwaka 2023 lilipotaka kuiboresha, halikuongeza gurudumu. Liliongeza gia ya pili, kwa kuweka mnyororo wa pili. Ni jibu lile lile nililolipata barabarani kwa jasho.

Kuhusu vipuri, yafaa kutoa onyo. Namba zilizoandikwa kwenye matairi hudanganya. Tairi la nyeusi la 28 × 1½ halitaingia katika pete ya 29, ijapokuwa majina yanakaribiana, kwa kuwa pete moja ni milimita 635 na nyingine 622. Anayenunua na asome namba ndogo iliyo pembeni: 559 ni ya inchi 26, 584 ni ya 27.5, na 622 ni ya 29. Mpira wa ndani una huruma zaidi. Hunyumbulika, na katika shida mpira wa 28 huweza kumfikisha nyumbani mwenye 29. Lakini tairi likichanika, mwenye 26 ana matumaini makubwa zaidi ya kupata jingine katika rundo la mitumba kuliko mwenye 29.

Na tusisahau kimo cha mpandaji. Mtu mfupi juu ya fremu ya 29 huona usukani umepanda juu mno, na wakati mwingine ncha ya kiatu hugusa gurudumu la mbele katika kupinda. Kwake yeye 26 au 27.5 ni chombo cha heshima, wala asione haya.

TUNAJIFUNZA NINI?

Jirani zetu wametuonyesha kwamba milima si laana kwa baiskeli. Adrien Niyonshuti wa Rwanda alishiriki mbio za baiskeli za milimani katika Olimpiki ile ile ya London ya 2012, akamaliza wa 39, naye alitoka katika nchi yenye vilima kama vyetu. Mwezi wa Septemba 2025 Kigali ilipokea mashindano ya dunia ya baiskeli za barabarani, ambayo hayakuwahi kufanyika katika bara la Afrika. Wakimbiaji bora wa dunia walipanda vilima vile bila kushika lori. Misuli yao ilikuwa ya ajabu, lakini hata wao, kila mlima ulipoanza, walibadili gia.

Hukumu yangu basi ni hii. Kwa kijana anayetaka mchezo, au mwalimu, mganga na bwana shamba anayezunguka njia za mawe bila mzigo mzito, gurudumu la 29 ni zuri, mradi apunguze meno ya mbele na ahakikishe breki zake. Kwa mchukuzi wa Bugarama, fedha ya kununua gurudumu kubwa ingekuwa imepotea njia. Mahitaji yake ni mawili: gia nyepesi ya kumpandisha na breki mbili za kweli za kumshusha. Nyeusi yake yaweza kubaki na gurudumu lake la zamani. Hata kubadili gia moja ya nyuma, kutoka meno 18 hadi 22, kunapunguza msukumo wa mguu kwa karibu moja ya tano. Na kazi hiyo fundi yeyote wa Buyenzi huifanya akiwa amekaa kwenye kigoda chake.

Wanaoingiza baiskeli nchini, na wenye mamlaka ya barabara, wana nafasi ya kutenda jema lisilo la gharama kubwa. Baiskeli inayokwenda kuuzwa mlimani na ikaguliwe breki kabla ya kukaguliwa rangi. Vyama vya wachukuzi navyo vyaweza kununua kwa pamoja vipande vya breki na gia nyepesi, kama vyama vya wavuvi vinavyonunua nyavu.

Siku niliporudisha baiskeli, nilipita tena pale mlima unapoanzia. Mchukuzi mmoja, umri wake haujazidi miaka ishirini, alikuwa ameketi juu ya jiwe akikata kipande cha tairi kuukuu kwa kisu, akikipima kwenye soli ya kiatu chake. Nilimsalimu, nikamwuliza soli moja hudumu muda gani. Alinitazama, akautazama mlima, akaniambia siku nne, na mvua ikinyesha, tatu. Kisha akaifunga soli kwa waya, akasimama, akaanza kulisubiri lori.